Gari Lisilo na Mafuta ya Breki

Siku gari la Mzee Shabiri lilipopanda juu ya meza ya muhogo wa kuchoma pale Mikindani, watu watatu walikuwa na maelezo matatu. Mzee Shabiri mwenyewe alisema breki zimemvuta upande. Mwanawe, Imtiazi, alisema macho ya baba yamekwisha. Na fundi Shaibu, aliyezitengeneza breki hizo wiki iliyotangulia, alisema ni mipango ya Mungu. Huyo wa tatu ndiye aliyenitoa nyumbani. Nimefanya kazi ya magari zaidi ya miaka arobaini, na kila nikimsikia fundi anamtaja Mungu, najua kuna boliti aliyoisahau.

Mimi ni Bi Somoe, wa Ufukoni. Wengi wenu vijana mnanijua kama ajuza anayekaa barazani akiwafokea madereva wa bajaji breki zao zikilia. Kabla ya baraza nilikuwa fundi wa breki katika karakana ya serikali hapa Mtwara, kisha nikafungua gereji yangu Chikongola. Ndiyo, mwanamke. Miaka ya mwanzo kila mteja aliniuliza fundi yuko wapi. Nilikuwa nawajibu amekwenda kula, anarudi sasa hivi. Naingia ndani, nanawa uso, natoka tena. Wengine walinishukuru kwa kumwita.

Sasa nimestaafu, magoti yamegoma, na nina muda wa kutosha wa kuwasema nyinyi.

Gari lenyewe ni dogo, jeusi, la Kiingereza, mgongo wa mviringo kama kobe. Limenizidi umri. Baba yake Mzee Shabiri alilileta enzi za duka lake la vitambaa, akamrithisha mwanawe pamoja na duka. Mzee Shabiri hulisugua kila Alhamisi mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake, na Ijumaa hulipeleka msikitini, safari ambayo kwa miguu ni dakika sita. Bamba lake la mbele linang'aa, taa zinang'aa, vishikio vya milango vinang'aa. Chini, ambako hakuna mtu anayepiga picha, kulikuwa na kutu ya tangu nikiwa msichana. Msimcheke peke yake. Nimeona magari ya maofisa yenye manukato matatu ndani na kiatu cha breki kilichobaki chuma kitupu.

Breki za gari hilo hazina mafuta. Hazina hewa. Zina chuma tu. Ukikanyaga pedeli, inazungusha shafti iliyolala chini ya sakafu, na shafti inavuta fito nne. Kila ufito unakwenda kwenye gurudumu lake, unavuta mkono mdogo wa chuma, na mkono huo unatanua viatu viwili vilivyomo ndani ya dramu, lile duara la chuma linalozunguka na gurudumu. Viatu vinasugua dramu, gurudumu linasimama. Basi. Nguvu yote ni ya mguu wako.

Shaibu ana gereji ambayo jina lake limeandikwa kwa rangi tatu, na ana mashine ya kusomea magari. Kijana wa makamo, mchapakazi, simtukani. Siku alipopelekewa lile gari alilizunguka mara mbili akitafuta tundu la kuchomeka mashine. Hakulipata. Akafungua boneti akatafuta chupa ya mafuta ya breki. Hakuipata. Basi akanyanyuka, akafuta mikono, akamwambia Mzee Shabiri kwa sauti ya msiba kuwa chupa imeibwa.

"Imeibwa lini?" mzee akauliza.

"Hawa wezi hawaachi barua, mzee."

Mzee Shabiri akamweleza kwa upole kwamba chupa haijawahi kuwepo, tangu enzi za baba yake. Shaibu akaingia chini ya gari, akaona fito, akaona kila ufito una nati ya kuufupishia, akafanya kile anachofanya kila mwenye spana na haraka. Akakaza. Pedeli ikapanda juu, ikawa ngumu, ya kupendeza mguuni. Mteja akafurahi, fundi akafurahi, na meza ya muhogo ikawa inasubiri.

Sikilizeni hapa, maana kosa hili mtalifanya hata kwenye breki ya mkono ya pikipiki. Viatu vinapolika, vinakaa mbali na dramu. Dawa ni kuvisogeza viatu vyenyewe. Nyuma ya kila gurudumu, kwenye bati linalobeba viatu, kuna boliti ndogo ya kichwa cha mraba kwa kazi hiyo. Ukiiacha hiyo ukafupisha ufito, hujasogeza kitu kwa namna inayofaa. Umekula tu mwendo wa ule mkono mdogo. Unakuwa kama mtu aliyekwisha kuunyoosha mkono wake wote, halafu ndipo unamwambia avute. Atavuta kwa kitu gani?

Imtiazi alinijia asubuhi na gari lake kubwa linalojibadilishia gia lenyewe. Akavua viatu, akakaa kwenye ukingo wa baraza.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, baba. Mzee hajambo?"

"Hajambo. Ndiyo shida yenyewe." Akajikuna shingo. "Anakutaka wewe. Anasema hakuna mwingine wa kuligusa lile gari. Nakuomba uende, uingie chini, utoke, kisha umwambie limekwisha. Mwambie vipuri havipatikani tena duniani. Wewe atakuamini."

"Na wewe hakuamini?"

"Mimi ananiita mtoto."

Mtoto huyu ana mvi na wajukuu wawili.

"Umewahi kumwambia kwamba haoni vizuri?" nikamuuliza.

Akatazama viatu vyake kana kwamba jibu limeandikwa ndani ya soli. "Baba haambiwi mambo kama hayo."

Nikamwambia nitalitazama gari kwanza. Nisijifanye mtakatifu mbele yenu, nilifikiri pia kulimaliza jambo hilo kwa njia yake. Uongo mmoja mdogo, mzee anabaki hai, muhogo unabaki mezani. Lakini nilikuwa sijawahi kusema breki imekufa kabla sijaifungua, na nikiwa na umri huu niliona aibu kuanza.

Kesho yake nikapanda bajaji mpaka Mikindani. Sikwenda dukani moja kwa moja. Nilikwenda penye tukio. Muuza muhogo, mwanamke mnene mwenye kicheko, alikuwa ameshaipigilia meza yake upya.

"Alikuwa anakwenda mbio?" nikamuuliza.

"Mbio gani, mama! Nilimwona anakuja, nikageuza muhogo, nikatia chumvi na pilipili, nikatazama tena, bado anakuja."

"Kilichomfanya akanyage breki ni nini?"

"Mbuzi. Alisimama katikati ya barabara tangu asubuhi utadhani aliijenga yeye. Mzee akaja moja kwa moja mpaka yuko naye karibu kabisa, ndipo akashtuka, akakanyaga, gari likakata kulia likaja kwangu. Mbuzi hata hakugeuka."

Nikainama kuangalia barabara. Kwenye mchanga uliotapakaa juu ya lami kulikuwa bado na mkwaruzo mmoja, wa gurudumu la mbele kulia. Magurudumu matatu mengine hayakuandika hata nukta. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Breki moja inashika, tatu zinalala, gari linajizungusha lenyewe upande wa ile inayoshika. Mzee alisema kweli, lilimvuta!

Na habari ya mbuzi? Niliisikia vizuri sana. Nikaisikia, nikaipitisha pembeni, kwa sababu haikuwa ya chuma.

Gari lilikuwa kwenye ghala nyuma ya duka. Mzee Shabiri aliniwekea mkeka chini ili nilale chini ya gari kama mgeni wa heshima, mwenyewe akakaa kwenye kigoda pembeni, kanzu nyeupe, miwani minene kama vitako vya chupa za soda.

"Somoe, sema kweli. Ni mimi au ni gari?"

"Subiri nifungue, mzee."

Nilipovua dramu ya mbele kushoto, grisi ilinitazama. Sili ya ngozi iliyopaswa kuizuia ilikuwa imechanika zamani, grisi ikavuja kutoka kwenye beringi mpaka ndani, na viatu vimekaa humo vinang'aa kama maandazi. Kiatu kilichokunywa grisi hakioshwi kwa petroli kikapona. Nimewaona mkikiosha, mkakipitisha msasa, mkamrudishia mtu gari. Kikipata moto, grisi inatoka tena ndani yake. Tupa. Nikakata bitana mpya, lile vazi la kiatu linalosugua dramu, kutoka kwenye ya lori, nikaipigilia kwa riveti za shaba, vichwa nikavizamisha visije kukwaruza dramu. Na nikafanya hivyo kulia pia, ingawa kulia kulikuwa kuzima, kwa sababu magurudumu mawili ya mbele ni lazima yale chakula kimoja.

Lile vumbi jeusi lililomo ndani ya dramu nililifuta kwa kitambaa kilicholowa. Sisi tulilipuliza kwa mdomo. Tuliona raha, linaruka kama moshi wa uvumba. Fundi aliyenifundisha kazi, Chilumba, alikufa akikohoa. Waliomtibu walisema ni sigara, na Chilumba hakuwahi kushika sigara maishani mwake. Kitambaa kibichi, vijana. Mnachokiona cha kishamba leo ndicho kitawaacha mpumue.

Huyo Chilumba alikuwa Mmakonde wa Newala, mfupi, mdomo kama wembe. Siku aliponipokea karakana alinitazama juu mpaka chini akasema, "Wamenipa mke wa mtu nimfanye fundi. Haya, tutajaribu, hata mimi walinijaribu." Kisha hakunionea huruma hata siku moja, na kwa hilo namwombea kila Ijumaa. Sheria yake ilikuwa moja. Aliyefunga breki ndiye anayekaa kiti cha mbele kwenye majaribio. Alisema hakuna kitabu kinachofundisha kuliko kioo cha mbele.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa gari la bwana mkaguzi wa korosho, la breki za fito kama hili. Nililinyanyua kwa jeki chini ya chesisi, magurudumu yakaning'inia hewani kama miguu ya kuku sokoni. Nikapima fito, nikazifunga sawasawa, nusu unywele. Nikajiona mhandisi. Nikalishusha chini, tukatoka, Chilumba usukani, mimi kando yake nimevaa kitambaa kipya cha kichwa. Tulipofika Chikongola tukasikia harufu ya mpira unaoungua. Mbele kidogo ya soko gari likapunguza mwendo lenyewe, likasimama, likakataa. Breki zote nne zimeshika na hakuna aliyezikanyaga. Watu wakalisukuma, wapi. Mwanamke mmoja mwenye ungo wa dagaa akapiga kelele, "Biharusi amegoma, ongezeni mahari!" Soko zima likacheka, na Chilumba alicheka kuliko wote.

Akaniteremsha. Akaniamuru nizunguke magurudumu yote na kikombe cha maji, nidondoshee tone kwenye kila dramu. Matone yakaruka yakichemka. "Umeona?" akasema. "Ulilipima likiwa linaning'inia. Gari likikaa chini, springi zinajikunja, ekseli inahama, fito zinajivuta zenyewe. Wewe umefunga breki za gari linaloruka angani. Kampelekee rubani."

Tangu siku hiyo nanyanyua kwa ekseli, na napima gari likiwa na mzigo wake. Ndiyo maana kule ghalani kwa Mzee Shabiri nilimwita Imtiazi nikamwambia alete magunia matatu ya mchele na kuyaweka kwenye viti, kila gunia mahali pa mtu. Akayabeba mwenyewe, shati la ofisini likalowa. Baba yake alimtazama kwa raha iliyopitiliza.

"Huyo wa nyuma mfunge mkanda," akamwambia.

Mchana Shaibu akafika. Alikuwa amesikia. Alisimama mlangoni akiipapasa simu yake, na nilijua amekuja ama kugombana ama kujifunza, bado hajaamua. Nikamsaidia.

"Shaibu, njoo ulale hapa mkekani. Ile chupa iliyoibwa imepatikana."

Alicheka kwa aibu, akalala. Nikauchukua mkono wake nikauweka kwenye ile boliti ya mraba nyuma ya gurudumu. Hakuwa ameigusa, maana ilikuwa imevaa matope na grisi kama kichuguu. Nikamwambia azungushe huku anasukuma gurudumu kwa mkono mwingine. Zungusha mpaka gurudumu linakataa kabisa. Sasa rudisha, sikia inavyogonga, tak, tak, mara mbili, mpaka gurudumu linazunguka huru na unasikia mguso mdogo tu wa kiatu, kama kanga ikiburuzwa sakafuni. Magurudumu yote manne hivyo hivyo. Fito nilikuwa nimezifungua tangu mwanzo. Viatu vilipokaa sawa, ndipo tukazirudisha fito, kila pini inaingia kwenye tundu lake bila kuvutwa na bila kulegea. Ikiwa unalazimisha pini kwa nyundo, ufito ni mfupi. Ikiwa pini inacheza, ni mrefu. Hakuna mashine itakayokuambia hivyo. Kidole kinakuambia.

"Ina maana nilikaza kitu ambacho hakikuwa na kosa," Shaibu akasema kutoka chini.

"Ulikaza ulichokiona."

Akachukua kitambaa, akaifuta ile boliti. Nampongeza kwa hilo. Wengi wenu mngesema gari ni bovu tangu kiwandani.

Kisha nikamwomba Mzee Shabiri apande, akanyage pedeli kidogo tu, kama anayekanyaga kwa bahati mbaya mguu wa mkwewe. Shaibu na mimi tukazunguka kujaribu kila gurudumu kwa mikono. La nyuma kushoto lilikuwa jepesi kuliko wenzake. Tukalisogeza tak moja. Mzee akakanyaga tena. Sasa yote manne yakawa mazito sawa. Mzee Shabiri, kwenye usukani, alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu anayesikia nyimbo.

"Kwa hiyo lilikuwa gari," akasema.

"Breki zilikuwa mbovu kabisa, mzee," nikajibu, na Imtiazi alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Nami nikajifanya nafuta spana.

Siku ya tatu tukatoka kujaribu. Mzee Shabiri akashika usukani, hakuna aliyethubutu kumwambia vingine, na mimi nikakaa kando yake kwa sheria ya Chilumba. Tukapanda mwinuko wa kuingilia mji, tukageuza, tukashuka. Nikamwambia apige breki penye mchanga. Akapiga. Nikateremka kutazama: mistari minne, imenyooka kama imepigwa rula. Tukarudia mara tatu. Nikazigusa dramu kwa mgongo wa mkono, nanyi msiguse kwa kiganja kama bado mnakihitaji, na zote zilikuwa na joto moja. Katika kazi hii hakuna raha inayozidi hiyo. Mzee akapiga usukani kwa kofi, akaanza kuniambia atakavyomwonyesha Imtiazi, na atakavyokwenda na gari hilo mpaka Msimbati akale samaki.

Tukawa tunarudi. Barabara imenyooka, jua la saa nne, peupe kabisa. Mbele yetu mtu mmoja alikuwa anavusha mkokoteni wa madumu ya maji, anausukuma taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Nilimwona tukiwa mbali. Nikangoja mzee aondoe mguu kwenye mafuta. Hakuondoa. Anaendelea kunisimulia samaki wa Msimbati. Nikamtazama usoni, macho yake yako mbele, yametulia, hayana habari.

"Mzee! Mkokoteni!"

Akakanyaga kwa miguu yote miwili, nafikiri. Gari lilisimama palepale, halikukata kulia wala kushoto, pua yake ikainama mbele ya ugoko wa yule mtu. Kati ya bamba na mguu ungeweza kuweka shubiri mbili. Dumu moja lilianguka likamwaga maji chini ya magurudumu yetu.

Yule mtu hakukimbia. Alikuja dirishani akainama. "Mzee, unaniona au hunioni?"

"Sasa nakuona," Mzee Shabiri akasema. "Nisamehe, mwanangu."

Yule mtu akamtazama kidogo, akatazama ile miwani, hasira ikampotea. Akaokota dumu lake, akaenda zake. Sisi tukabaki katikati ya barabara, injini inanguruma polepole.

"Somoe. Wewe ulimwona tangu wapi?"

Hapo ombi la Imtiazi lilinijia lote. Ningesema nami nilimwona kwa kuchelewa. Ningesema jua.

"Tangu kwenye nguzo ile ya umeme, mzee."

Akageuza shingo kutazama tulikotoka. Akatazama kwa muda mrefu.

"Nguzo ipi?"

Ilikuwa hatua hamsini, nyeusi, ndefu, peke yake. Akazima injini.

"Na yule mbuzi?"

"Mbuzi alisimama pale tangu asubuhi. Muuza muhogo aliniambia."

"Ulijua, na hukuniambia."

"Breki zilikuwa mbovu kweli, mzee. Nilitaka ziwe ndizo kosa pekee."

Vijana, hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko la soko la Chikongola, na nililifanya nikiwa nimeshastaafu, mwenye sifa, mikono safi. Nilipenda sana kuwa sahihi kuhusu chuma. Nikamtengenezea mtu asiyeona gari zuri la kumfikisha kwa watu. Kama yule msukuma mkokoteni angekuwa hatua moja karibu nasi zaidi, ile mistari yangu minne iliyonyooka ingemsaidia nani?

Mzee Shabiri akafungua mlango, akashuka. Akazunguka gari taratibu, anapapasa bodi kwa vidole, na kwenye kila gurudumu akainama akaigusa dramu kwa mgongo wa mkono wake, kama alivyoniona nafanya. Akafika upande wangu.

"Zote joto moja," akasema.

"Zote, mzee."

"Basi kosa halimo humu. Sogea kule."

Nikahamia kwenye usukani. Akakaa kiti changu, akakunja kanzu yake vizuri, akafunga mlango kwa uangalifu.

Imtiazi alikuwa anasubiri nje ya duka. Aliponiona mimi ndiye dereva, uso ulimfunguka, akadhani nimeutimiza uongo wake. "Limekwisha, siyo?" akauliza haraka. "Baba, si nilikwambia?"

"Gari zima," Mzee Shabiri akasema akishuka. "Mimi ndiye mbovu. Na hukuniambia. Ulinitumia fundi aje aniambie kuwa gari ndilo lililozeeka." Sijui alijuaje. Labda alikuwa amejua tangu nilipoingia ghalani. "Umekula nami meza moja miaka yote hii, Imtiazi. Unanimiminia chai kwa kuwa naimwaga. Ulifikiri sijui kwa nini unanimiminia?"

Imtiazi alisimama na mvi zake. Mimi nilijishughulisha na kufunga boneti ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Mzee akamtupia funguo. Imtiazi akazidaka kifuani.

"Ijumaa utanipeleka wewe."

"Baba, mimi hili siliwezi. Gia zake…"

"Utafundishwa."

Nikamfundisha mimi, na kwa hilo namshukuru Mungu kwa dhati, maana nilihitaji kucheka. Mtu aliyezoea gari linalofikiri kwa niaba yake, mweke kwenye pedeli tatu na breki za fito, utaona jinsi elimu inavyoyeyuka. Alilizima mara saba kabla hatujatoka uani. Alikanyaga breki kama anavyokanyaga za gari lake, kwa ncha ya kiatu, kwa adabu, na gari likaendelea na safari yake. "Kanyaga!" nikamwambia. "Nimekanyaga!" "Umelisalimia. Kanyaga!" Baba yake alikaa nyuma na kusahihisha kila kitu kwa sauti ya mtu aliyepata burudani ya uzeeni. Shaibu alikuja na simu yake kutupiga picha. Nikamwambia aiweke mfukoni aje apime fito, kwa sababu bitana mpya hulainika siku za mwanzo na viatu husogezwa tena baada ya wiki mbili. Akaiweka. Sasa gari hilo analihudumia yeye, nami nakwenda tu kumkosoa.

Juzi Imtiazi alinijia tena barazani. Mkononi ana zulia la mpira, la sakafuni, la upande wa abiria. Limetoboka mahali pamoja, mbele, penye ukubwa wa soli.

"Ni baba," akasema. "Kila tukikaribia mtu au kona anakanyaga hapa kama vile kuna pedeli. Naomba uniambie kama linazibika."

Nikaliweka mapajani, nikapitisha kidole kwenye tundu. Nikamuuliza kitu kimoja tu, anakanyaga mapema au anachelewa.

Imtiazi akafikiri. "Anachelewa. Kila wiki anachelewa zaidi. Jana nilimwambia."

"Mwenyewe ulimwambia?"

"Mwenyewe. Mdomo wangu huu."

"Akasema nini?"

"Akasema niendelee kuendesha."